Kumlinda mtu mwenye ualbino kijijini na mtaani kwako: mwongozo kamili

Tarehe 30 Mei 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao. Zaidi ya wiki mbili baadaye mwili wake ulikutwa umefungwa kwenye mfuko chini ya kalavati, baadhi ya viungo vikiwa vimekatwa. Polisi walipotangaza watuhumiwa tisa, baba yake mzazi alikuwa miongoni mwao. Hatia ni kazi ya mahakama kuiamua, lakini orodha ile peke yake ilitukumbusha jambo ambalo sisi wasaidizi wa kisheria wa Kanda ya Ziwa tumeliona kwa miaka: anayekuja na panga usiku huwa ameelekezwa njia na mtu anayeijua nyumba. Anajua mtoto analala chumba gani. Anajua baba amesafiri lini.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kufuli. Unaanza na watu, kisha unakwenda kwenye sheria, halafu kwenye jua, ambalo huua polepole na bila kelele. Nimeuandikia mzazi, jirani, mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji na mtu mwenye ualbino mwenyewe. Sheria na ofisi ninazotaja ni za Tanzania.

Hatua ya kwanza: siku mtoto anapozaliwa

Ulinzi unaanzia wodini. Mama anajifungua, mtoto ni mweupe, nywele rangi ya majani makavu, na kabla hajaoshwa minong'ono imeshaanza: mama katembea nje, ukoo una laana. Baba wengi huondoka katika wiki hizo za kwanza. Mtoto aliyekimbiwa na baba, akabaki na mama asiye na kitu kwenye nyumba ya mlango wa bati, yuko hatarini kuliko mwingine yeyote.

Kwa hiyo mkunga au ndugu aliyepo pale aseme maneno haya waziwazi, baba akiwepo: ualbino ni wa kurithi, na mtoto ameurithi kwa wazazi wote wawili. Kila mmoja anaweza kuibeba hali hiyo mwilini bila kuonekana, ngozi yake ikiwa nyeusi kabisa. Wakikutana wawili wanaoibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Ninasema kila mimba. Nimekutana na wazazi walioelewa kwamba wakishapata mmoja, watatu wanaofuata watakuwa na ngozi nyeusi. Mimba ya pili inaanza hesabu upya, na ya tatu vilevile. Zaidi ya hayo hakuna siri: mwili unatengeneza kidogo sana, au hautengenezi kabisa, ile rangi inayoipa ngozi, nywele na macho weusi wake.

Andikisheni cheti cha kuzaliwa mapema, jina la baba likiwemo. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, imesogeza huduma hii hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata katika mikoa mingi, bila malipo. Cheti hicho ndicho kitakachosimama siku ya kudai matunzo, siku ya kumtafuta mtoto aliyepotea, na hata siku ya mahakamani.

Na lugha. "Zeruzeru" ni tusi. "Dili" ni zaidi ya tusi, kwa sababu linatamka bei. Mtu akimwita mtoto "dili" kwenye kahawa na watu wakacheka, pale pale mtoto ameshageuzwa bidhaa masikioni mwa yeyote mwenye tamaa. Sema "mtu mwenye ualbino", na mwite kwa jina lake. Ukimsikia mzaha huo kwa mtu mzima, msahihishe mbele ya wale wale waliocheka.

Hatua ya pili: chagua watu watano, kwa majina

Hii ndiyo kazi kubwa ya mwongozo huu, nami naomba uifanye wiki hii, ukiwa na kalamu na karatasi.

Kaa na familia mchague watu watano wa karibu ambao usiku wa manane wataitika. Jirani wa ukuta kwa ukuta. Mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji. Mwalimu mmoja wa shule anayosoma mtoto. Mtu mwenye pikipiki au gari. Na mwanamke mmoja anayeaminika, maana yapo ambayo mama hatawaambia wanaume wanne. Andika namba zao na uzibandike ndani ya mlango, chini kidogo, mahali ambapo hata mtoto anaona. Chini yake andika 112, ya polisi, na 116, ya simu ya huduma kwa mtoto. Zote ni bure.

Watano hao wakutane mara moja, uso kwa uso, wapeane kazi. Nani anapiga yowe, nani anapiga simu, nani anakwenda kuziba njia ya kutokea barabarani, nani anabaki na mama. Usukumani mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanaume anatoka na fimbo. Mahali ambapo utaratibu huo ungali hai, mtaarifuni mkuu wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, mapema kwamba nyumba hii ina mtoto wa kulindwa. Pale ambapo haupo, filimbi ya refa inatosha. Muwe nayo chumbani, ikining'inia kitandani. Mtu aliyekabwa hawezi kupiga kelele, ila aliye pembeni yake anaweza kupuliza.

Kisha mpange mambo madogo ya kila siku. Mtoto haendi kuchota maji wala kuchunga peke yake, na njia ya shule anapita na kundi. Kuna neno la siri: yeyote anayekuja kumchukua, hata awe mjomba, asipolijua haondoki naye. Baba akisafiri, jirani anajua leo baba hayupo, lakini kijiwe hakijui. Kitasa cha ndani kiwe imara, taa ya sola iangaze mlangoni. Choo cha nje usiku ni safari ya watu wawili. Nywele zikinyolewa na kucha zikikatwa, chomeni.

Zipo dalili za kuzitilia maanani. Mgeni anayepiga picha mtoto kwa simu bila sababu. Mtu anayeuliza umri wake, analala wapi, shule gani. Anayetaka kumlea au kumsomesha mjini ilhali hajulikani. Ndugu aliyeingia madeni ghafla, au anayehudhuria kwa mganga usiku na kurudi na maswali. Kila moja ya hizi mpelekee mtendaji wa kijiji au polisi kata siku hiyo hiyo, na mwombe aandike kwenye daftari lake. Taarifa ya mdomo husahaulika. Iliyoandikwa ina tarehe.

Sasa tahadhari ninayoitoa kwa uchungu. Ulinzi unaweza kugeuka kifungo. Baada ya mauaji ya miaka ya 2007 hadi 2009, watoto wengi walikusanywa kwenye shule na vituo kama Buhangija kule Shinyanga, Mitindo kule Misungwi na Kabanga kule Kasulu. Maisha yaliokolewa, hilo silipingi. Lakini baadhi walikua humo bila kuwaona wazazi kwa miaka, wakatoka hawaijui lugha ya kwao wala jina la babu yao. Mtoto ana haki ya familia kama alivyo na haki ya uhai, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inazitaja zote. Ukilazimika kumpeleka kituoni, mpe afisa ustawi wa jamii mpango wa maandishi: nani atamtembelea, likizo zipi atarudi, na nini kifanyike nyumbani ili arudi moja kwa moja.

Hatua ya tatu: kabiliana na mganga wa ramli

Soko la viungo lina wateja kwa sababu kuna mtu anayewaambia kwamba dhahabu itatoka, nyavu zitajaa, kura zitatosha. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema aliwaendea waganga akijifanya mteja, akaonyesha hadharani kwamba biashara hiyo ipo kweli. Baada ya hapo ilibidi aishi kwa kujificha. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na zaidi ya waganga mia mbili walikamatwa katika wiki zilizofuata.

Kijijini kwako fanya hivi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inataka kila mganga asajiliwe. Mwenyekiti na mtendaji wapite kila nyumba ya mganga waombe cheti cha usajili. Asiye nacho ajulikane ofisini. Mganga wa mitishamba anayetibu tumbo na homa hana tatizo na ukaguzi huo. Wengine wamekuwa mashahidi wazuri kuliko watu wote, kwa sababu wateja wabaya huanzia kwao. Mgeni anayehama kijiji hadi kijiji akidai "kusafisha" wachawi apewe saa chache tu kabla polisi hawajaitwa.

Lakini hasira ya kijiji isije ikaangukia bibi kizee. Usukumani ajuza wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Kundi linalomchoma bibi leo linaendesha imani ile ile inayomkata mtoto mwenye ualbino kesho. Mtuhumiwa akamatwe na apelekwe kituoni akiwa hai. Zaidi ya haki yake, yeye ndiye pekee anayejua nani alimtuma na nani angelipa.

Hatua ya nne: likitokea

Mtoto akipotea, usisubiri saa ishirini na nne. Hakuna sheria inayokutaka usubiri. Piga yowe, piga 112, funga njia za pikipiki, mwaminifu mmoja abaki pale mtoto alipoonekana mwisho. Dakika kumi za mwanzo zina thamani kuliko kesho nzima.

Mtu akikatwa, mlaze chini. Shindilia kidonda kwa kitambaa safi, mkono wako wote, usiachie kuchungulia. Kama kiungo kimetoka na damu inaruka, funga juu ya jeraha kwa kitambaa kipana, pitisha kijiti, zungusha hadi damu isimame, na uandike saa uliyofunga. Hospitali kwanza. Fomu ya polisi, ile PF3, itafuata. Ndugu mmoja aende kituoni kuichukua wakati majeruhi yuko njiani, na daktari asikubaliwe kumwacha anavuja damu kwa kusubiri karatasi.

Eneo la tukio lisikanyagwe. Hilo huwa gumu, kwa sababu kijiji kizima kinataka kuona. Zungusha kamba, weka vijana wawili, funika nyayo na damu kwa beseni au bati mvua isizifute. Panga lililoachwa lisiguswe.

Kituoni hakikisha unaondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na jina la mpelelezi. Kisha yaje maelezo ya shahidi, na hapa naomba usome polepole, maana kesi nyingi zinafia hapa.

Mtu mwenye ualbino aliyeshambuliwa kwa kawaida ndiye shahidi mkuu, na wakili wa utetezi atayashambulia macho yake: "Haoni vizuri, ilikuwa usiku, alimtambuaje?" Jibu linatakiwa liwe limeandikwa tangu siku ya kwanza. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, mahakama zetu hupima utambuzi kwa maswali yale yale: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa aina gani na mkali kiasi gani, na je, alimjua tangu awali? Hivyo asiseme tu "nilimwona fulani". Aeleze kwamba taa ya sola ilikuwa juu ya mlango, kwamba mtu yule alimshika mkono uso ukiwa karibu kiasi cha kuhisi pumzi, kwamba sauti ile anaijua kwa sababu wamefanya naye kazi ya pamba misimu miwili, kwamba ana chechemeo la mguu wa kushoto. Watu wengi wenye ualbino hawaoni mbali, lakini kwa hatua moja au mbili wanaona, na sauti wanaishika sana. Andika hayo.

La pili: kama anamjua mshambuliaji, amtaje kwa mtu wa kwanza anayemfikia. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya 2002, ilisema kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwa shahidi. Aliyetajwa wiki ya tatu ataonekana kabambikiwa. Kwa hiyo ewe jirani uliyefika kwanza, uliza: "Umemtambua?" Kumbuka jibu neno kwa neno, na wewe pia uandikishe maelezo.

Katika kituo kimoja niliwahi kukaa pembeni ya dada aliyekuwa anaandikishwa. Askari aliandika mistari sita akamsogezea asaini. Dada yule alilileta karatasi hadi likagusa pua, akasoma taratibu, akanyanyua uso: "Kaka, mbona hapa haujaandika ile sauti? Mimi nimekwambia nimemjua kwa sauti." Askari alikasirika kidogo, kisha akaongeza. Una haki ya kusoma au kusomewa maelezo yako kabla ya kuweka saini, na kudai kilichosahauliwa kiongezwe. Aliyejeruhiwa asiharakishwe.

Picha za majeraha zipigwe na zitunzwe kwa mpelelezi na kwa familia. Zisiende kwenye makundi ya WhatsApp. Nimeona picha ya mtoto aliyenusurika, jina la kijiji chini yake, ikisambaa nchi nzima kwa nia njema, na kila aliyeipokea akawa anajua anapoishi.

Na msimalizane kifamilia. Watakuja wazee na ng'ombe. Kujaribu kuua ni kosa la jinai. Mwenye kesi ni Jamhuri, na ukoo hauna mamlaka ya kusamehe.

Hatua ya tano: kuifuata kesi hadi hukumu

Kesi ya mauaji huanzia mahakama ya chini, ambako mtuhumiwa hatakiwi kujibu chochote, na tarehe huahirishwa tena na tena hadi upelelezi ukamilike ndipo ihamie Mahakama Kuu. Familia nyingi hudhani kesi imekufa. Haijafa, ila inaweza kufa isipofuatwa. Mmoja katika wale watano apewe kazi hii pekee: daftari, tarehe ya kila mtajo, jina la mwendesha mashtaka, kilichosemwa. Mashahidi wanahama, wanaolewa, wanakwenda machimboni. Namba zao mpya ziwe kwenye daftari hilo.

Yanawezekana. Septemba 2009, pale Kahama, Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini baada ya wimbi lile la mauaji.

Mtoto anaweza kutoa ushahidi. Aliye na umri usiozidi miaka 14 anatakiwa aahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo ni lazima iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Ikisahaulika, rufaa hupata sababu hapo. Muulize mwendesha mashtaka mapema kama ataomba mtoto asikilizwe faragha. Mtu anayetishwa kwa sababu ya ushahidi wake alindwe chini ya sheria ya watoa taarifa na mashahidi ya 2015. Peleka kila tishio polisi kwa maandishi.

Msaada wa kisheria ni bure kwa wasio na uwezo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Anzia kwa msaidizi wa kisheria wa wilaya, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ofisi ikikupuuza, lalamika kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Barua ya kawaida kwa Kiswahili inatosha, na hakuna ada. Eleza nini kilitokea, lini, ofisi ipi, umekwenda mara ngapi, unaomba nini. Ukitaka kutaja Katiba, Ibara ya 12 na 13 zinahusu usawa na kutobaguliwa, Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Maneno hayo, "kutoka katika jamii", nayapenda sana. Hayakuiachia familia mzigo peke yake. Mwezi Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwemo ya kuishi. Viongozi wa halmashauri wakikwambia hili ni jambo la kienyeji, watajie hukumu hiyo.

Hatua ya sita: jua

Panga linaandikwa magazetini. Jua haliandikwi, nalo linazika vijana wenye ualbino kwa saratani ya ngozi wakiwa kwenye miaka ya ishirini na thelathini. Mtu aliyelindwa na kijiji kizima usiku, kisha akaachwa palizini bila kofia mchana, hajalindwa. Haki ya afya ni haki ya binadamu sawa na nyinginezo, nami huwaambia wazazi waipe uzito ule ule.

Anza na nguo. Inyanyue shati kuelekea dirishani, ingiza mkono ndani: ukiuona mkono, jua nalo linapita. Mikono mirefu, sketi au suruali ndefu, soksi. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kepu haifai, inafunika paji la uso na kuyaacha masikio na shingo, na ni masikioni ambako nimeona vidonda vingi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni mtoto awe kivulini. Shamba lilimwe alfajiri.

Mafuta ya jua yawe ya kinga ya 30 kwenda juu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, yanatengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Paka dakika ishirini hivi kabla ya kutoka, kijiko cha chai kizima kwa uso na shingo, usisahau nyuma ya masikio, midomo na mgongo wa viganja, rudia kila baada ya saa mbili. Wengi hupaka kidogo ili kopo lidumu. Likipakwa kidogo halikingi. Vaselini na mafuta ya mgando hayakingi jua kabisa. Ukikosa mafuta, nguo na kivuli ndivyo tegemeo, na hata ukiyapata usiviache.

Kila Jumapili mkague mwili mzima kwenye mwanga, kichwani pia. Unatafuta magamba makavu yanayokwaruza kama msasa, vinundu, na kidonda ambacho wiki nne zimepita hakijapona. Magamba ya mwanzo huondolewa kliniki kwa kugandishwa, dakika chache tu. Kidonda kilichosubirishwa miaka miwili kinahitaji upasuaji hospitali ya Bugando, Mwanza, au KCMC, au mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Kliniki ya ngozi ni kila miezi sita hata kama hakuna kinachoonekana. Muulize afisa ustawi wa jamii au Chama cha Watu Wenye Ualbino cha mkoa wako kliniki tembezi inapita lini.

Hatua ya saba: darasani

Mtoto huyu anaona, ila haoni mbali, na mwanga mkali unamwumiza. Macho yake huchezacheza yenyewe. Akigeuza shingo upande fulani anapotazama, mwache: ameipata pembe ambayo macho yake hutulia. Nimemwona mwalimu akimnyoosha mtoto kichwa mara tatu katika kipindi kimoja, akidhani ni utovu wa adabu. Mtoto aliacha kusoma ubao, akatazama dawati.

Mwombe mwalimu mkuu, kwa barua, mambo haya: aketi mbele, dirisha likiwa nyuma yake, aruhusiwe kusimama na kuusogelea ubao, na mwalimu asome kwa sauti anachoandika, aruhusiwe kofia na mikono mirefu hata kama sare ni tofauti, asishirikishwe usafi wa mazingira wala michezo ya jua kali, apewe kazi ya kivulini. Maandishi ya nukta nundu hayahitaji; kumfundisha kusoma kwa vidole mtoto anayeweza kusoma kwa macho ni kumpotezea miaka. Anachohitaji ni maandishi makubwa, lenzi ya kukuzia, na miwani akishapimwa, ingawa miwani haimalizi tatizo. Kwa mitihani ya taifa, shule itoe taarifa mapema ya mtahiniwa mwenye uoni hafifu ili apate karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada. Dai hili lianze mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, si wiki ya mtihani.

Hatua ya nane: kazi na msiba

Mtu mzima mwenye ualbino anahitaji kazi ya kivulini, kwa hiyo elimu na mtaji ni ulinzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Katika mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii ukiwa na kikundi na wazo la biashara lililoandikwa. Tumepata wabunge wenye ualbino, Al-Shaymaa Kwegyir aliyeteuliwa 2008 na Salum Barwany aliyechaguliwa Lindi Mjini 2010. Mwonyeshe mtoto wako picha zao.

Akifariki, kaburi nalo lilindwe, maana makaburi yamefukuliwa. Zikeni karibu na nyumba, mwage zege siku hiyo hiyo, na pawe na watu wa kulala matangani hadi zege likauke.

Kila baada ya miezi sita

Rudi kwenye karatasi ya mlangoni. Mwaka jana nilikaa na mama mmoja tukazipiga zile namba tano moja baada ya nyingine. Mbili hazikupatikana. Ya tatu ilipokelewa na mtu wa Tunduma asiyejua lolote. Mwalimu alikuwa amehamishwa, na kofia ya mtoto, aliponivalia nione, ilikaa juu ya kichwa kama kifuniko cha sufuria. Tukakaa chini tukaanza upya: jirani mpya, mwalimu mpya, namba ya bodaboda wa kona ile. Mtoto mwenyewe, darasa la tatu sasa, akaomba kalamu aziandike yeye, uso ukiwa karibu na mlango, herufi kubwa kubwa ili azisome bila kuwasha taa.